Kanuni za Mwea Zikisomwa Kama Kitabu

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya mhakiki ni kusoma mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza, kisha kusema lipi ni zuri na lipi limepwaya. Sheria na kanuni za serikali huachiwa mawakili na makarani, kana kwamba hazikuandikwa kwa lugha, wala hazina msemaji, wala hazina mtu anayesemwa ndani yake. Dhana hiyo si ya kweli. Kanuni ni maandishi kama maandishi mengine. Ina sauti yake, ina wahusika wake, ina mambo iliyoyataja na mengine iliyoyanyamazia. Na tofauti yake kubwa na hadithi ni kwamba mhusika wa hadithi akionewa twafunga kitabu na kulala, lakini mhusika wa kanuni huamka asubuhi akaenda shambani.

Basi katika insha hii nataka msomaji tusome pamoja maandishi ya namna hiyo. Si marefu, wala hayakupata kutiwa katika orodha ya vitabu vya mtihani. Ni kanuni zilizotawala maisha ya wakulima wa mpunga wa Mwea, katika nchi ya Kenya, zilizotangazwa mwaka 1977 chini ya Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka 1966. Nimezichagua kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo serikali ya kisasa na raia wake walikaribiana kiasi hicho, hata kufikia kugusana viwiko, na ambapo uhusiano wao uliandikwa waziwazi, fungu kwa fungu.

Mtu akisimama Kutus, mji wa Kaunti ya Kirinyaga wenye ofisi za serikali ya kaunti na chuo kikuu, Mlima Kenya huwa nyuma yake upande wa kaskazini, pamoja na mashamba ya chai na kahawa. Mbele yake, upande wa kusini, nchi huteremka polepole. Migomba hupungua, udongo mwekundu hugeuka mweusi, na baada ya mwendo mfupi wa gari jicho hukuta uwanda mpana uliokatwakatwa kwa matuta na mifereji, kijani kibichi wakati mpunga uchangapo, rangi ya dhahabu uivapo. Mvua ya uwanda ule ni haba. Maji yanayouotesha mpunga hushuka kutoka mlimani kwa mito ya Thiba na Nyamindi, nayo huongozwa kwa mfereji mpaka kila jaruba lipate sehemu yake. Wageni wapitao njia hiyo hustaajabia uzuri wake, nao wana haki. Lakini uwanda ule haukuchimbwa na watu waliotaka kuuchimba.

Kazi ya Mwea ilianza mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wa nchi ya mlima walikuwa wameondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani na kukusanywa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Maelfu walikuwa kizuizini kwa shutuma za kula kiapo cha Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilikuwa na wafungwa wengi na kazi nyingi, ikaunganisha mambo hayo mawili. Mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya waliozuiliwa. Katika kambi zilizokuwa Mwea ndiko pia, mwaka 1957, ulikotumiwa mpango wa kuwavunja wafungwa wakaidi kwa kuwachanganya wachache wachache na waliokwisha kukubali, na kuwalazimisha kwa nguvu kutii amri za kazi. Mpango huo ulipopelekwa Hola, kando ya Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa hadi kufa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake bungeni kwa mateso ya zama zile, ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228.

Nimeyataja hayo kwa ufupi, si kwa kutaka kuamsha machungu, bali kwa sababu hakiki ya maandishi yoyote huuliza yalizaliwa wapi. Mtoto aliyezaliwa kambini aweza kukua akawa mtu mwema. Lakini mtu asistaajabu akimwona bado anatembea kwa mwendo wa kambi.

Wakulima wa kwanza walipewa mashamba katika miaka ya mwisho ya 1950. Kila mmoja alipata ekari 4 za mpunga, na nyumba katika kijiji. Mwaka 1962 zikatungwa kanuni za kuwaongoza. Mwaka 1963 nchi ikapata uhuru. Mwaka 1966 Bunge la nchi huru likapitisha Sheria ya Unyunyizaji na kuunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Mwaka 1977 Waziri akatangaza kanuni mpya. Msomaji aliyesoma historia angetazamia kuwa kati ya 1962 na 1977 sauti ya kanuni imebadilika, maana bendera ilibadilika. Na tuzifungue basi tuone.

Jambo la kwanza limpigalo msomaji ni kwamba kitabu hiki kina mhusika mkuu mmoja, naye si mkulima. Ni meneja. Mkulima huitwa mwenye leseni, na karibu kila tendo lake hufungwa kwa jina la meneja. Mwenye leseni atatunza mipaka ya shamba lake hata meneja aridhike. Atatunza mifereji hata meneja aridhike. Atalima mazao kwa zamu aliyoipanga meneja. Atafuata maagizo ya meneja juu ya mifugo, mbolea, miti na malisho. Hataazima wala kukodi ng'ombe au mashine ya kulimia isipokuwa ile aliyoikubali meneja. Hatajenga nyumba ila kwa ruhusa ya meneja. Hatakaa nje ya eneo kwa zaidi ya mwezi mmoja ila kwa idhini ya maandishi ya meneja. Mpunga utakapovunwa, ataupeleka mahali alipoelekeza meneja, akibakiza ule tu alioruhusiwa kula na watu wa nyumba yake. Akizembea, meneja aweza kuifanya kazi ile kwa njia nyingine na gharama ikaandikwa katika hesabu ya mkulima. Na akizidi kukaidi, aweza kupokonywa leseni, yaani shamba, nyumba na mahali pa kuishi kwa pamoja.

Natua katika neno moja, nalo ni kuridhika. Kanuni ingeweza kusema kuwa mfereji uwe na kina cha futi mbili, usiwe na magugu, na usafishwe kabla ya tarehe fulani. Kanuni ya namna hiyo ingesomwa na watu wawili sawasawa. Mkulima angechukua kijiti, akapima, akajua kama ametenda wajibu wake au hakutenda. Na meneja angekuja na kijiti chake, na wakihitilafiana wangemwita mtu wa tatu mwenye kijiti cha tatu. Lakini kanuni isemayo kuwa mfereji umridhishe meneja husomwa na mtu mmoja tu, maana kipimo kimo moyoni mwake. Mkulima hawezi kuingia humo akapime. Kilichobaki kwake ni kuutazama uso wa meneja na kujaribu kukisia. Yafaa tulitambue jambo hili kwa makini, kwa sababu watu wakizungumza habari ya serikali kali hufikiri bunduki na pingu. Katika kanuni hizi hamna bunduki wala pingu hata moja. Mna neno moja tulivu lenye adabu, nalo hufanya kazi yote.

Jambo la pili ni wakati. Kanuni zataka mwenye leseni atoe wakati wake wote na bidii yake yote kwa shamba lile. Sasa, mtumishi wa ofisini hutoa wakati wake kwa mshahara, na jioni ikifika wakati ni wake. Mwenye shamba lake mwenyewe hutoa wakati wake kwa hiari, na hasara ya uvivu humpata yeye. Mwenye leseni wa Mwea hakuwa huyu wala yule. Alitoa wakati kama mtumishi pasipo mshahara wala likizo ya mtumishi, na alibeba hasara kama mwenye mali pasipo hati ya mwenye mali. Bei ya mpunga ilipangwa asikokuwako. Gharama za maji, za kulimiwa kwa trekta, za mbegu na mbolea zilikatwa kabla hajaiona fedha. Aghalabu mkulima alizijua hesabu zake kwa njia ya kuambiwa.

Jambo la tatu laniumiza zaidi kuliko hayo mawili, ijapokuwa limeandikwa mahali pa kupita tu, katika ufafanuzi wa maneno mwanzoni mwa kanuni. Humo hutajwa ni nani awezaye kuishi na mwenye leseni. Ni wake zake, wazazi wake, na watoto wake wasiooa wala kuolewa, wenye umri usiozidi miaka 18. Waandishi wa sheria hupenda kuficha mambo mazito katika fungu la ufafanuzi, maana wasomaji huliruka. Tusiliruke. Maana yake ni kwamba kijana aliyezaliwa katika nyumba ile, aliyefukuza ndege mpungani toka utoto, aliyeingia matopeni hata magotini akiwasaidia wazazi, alipotimiza miaka 18 alikuwa mgeni asiye na kibali katika nyumba ya baba yake. Miongoni mwa watu wa nchi hii ya mlima kijana aingiapo utu uzima hupewa mahali pa kujenga. Kanuni ilimwingiza utu uzima kwa kumtoa. Na kwa kuwa shamba la ekari 4 halikugawika, na mwenye leseni aliruhusiwa kumtaja mrithi mmoja tu, ndugu wengine walijua mapema kuwa hawana chao. Mtu akitaka kuelewa yaliyotokea baadaye asianze na bei ya gunia. Aanze na kijana huyu.

Jambo la nne ni lile lisilotajwa. Mke yumo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuishi, kisha hatajwi tena. Lakini kila aliyewahi kuona mpunga ukipandwa Mwea ajua ni migongo ya nani inayoinama. Jane Hanger na Jon Moris walichunguza habari hiyo, na uchunguzi wao ukachapwa mwaka 1973 katika kitabu juu ya Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers pamoja na Moris mwenyewe. Walionyesha kuwa malipo ya mpunga yaliandikwa kwa jina la mume, na mke aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hakuwa na dai lolote juu ya fedha hizo ila kwa hisani. Tena kwamba katika uwanda ule usio na miti hata kuni, ambazo kwao vilimani waliziokota, ziliwabidi kununuliwa kwa fedha. Kuni ni kitu kidogo kwa mtu asiyepika.

Nimezilaumu kanuni vya kutosha. Sasa sharti nizitetee, maana mhakiki asiyeweza kuutetea utunzi anaoulaumu hajausoma. Utetezi wake ni maji. Shamba la mahindi kilimani laweza kulimwa vibaya na mtu mmoja, na jirani asipate hasara. Mpunga wa mfereji hauko hivyo. Mfereji ukiziba kwa mtu wa juu, wa chini hukosa maji. Mmoja akichelewa kupanda, maji hulazimika kuendelea kufunguliwa kwa ajili yake wakati wenzake wataka mashamba yakauke wavune. Ndege na wadudu hushibia kwa huyu wakavuka kwa yule. Kwa hiyo lazima pawepo utaratibu, na lazima pawepo mtu wa kuusimamia. Tena utaratibu ule ulizaa matunda. Miradi mingi ya aina hii katika Afrika ilianzishwa kwa ngoma na ikafa kimya kimya, lakini ekari zipatazo 16,000 za Mwea ziliendelea kutoa mpunga mwaka baada ya mwaka, na wataalamu waliotoka mbali waliutaja mradi huu kwa sifa. Wakulima wa mwanzo, ambao wengi wao hawakuwa na shamba popote, walipata pa kuishi na pa kupata ada ya shule. Hayo si madogo, na asiyeyasema hasemi kweli.

Lakini utetezi huo ukipimwa hauenei kitabu kizima. Maji yataka mfereji usafishwe. Hayataki kijana atolewe nyumbani. Maji yataka siku ya kupanda ijulikane. Hayataki mtu aombe ruhusa kwa maandishi kwenda kumuuguza mzazi mwezi na siku mbili. Maji hayana haja na bei ya mpunga, wala hayajali ni nani apokeaye fedha. Tukichukua kalamu na kupiga mstari chini ya kila fungu lililoamriwa na maji, mafungu mengi hubaki bila mstari, na hayo yaliamriwa na kitu kingine. Mimi nakiita kitu hicho mazoea ya kambi. Waliotunga kanuni za mwanzo walikuwa wakitawala watu waliowaogopa. Waliotunga za 1977 hawakuwa na sababu ya kuwaogopa, ila walizikuta zimeandikwa, zinafanya kazi, nao wakazipokea.

Hapa naomba ruhusa ya kukengeuka kidogo, nitazame maneno yetu wenyewe. Neno raia lilitujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake hukaribiana na kundi linalochungwa. Raia ni wachungwao, na mtawala ni mchungaji. Serikali nalo limetoka Kiajemi, kwa njia ya Bahari ya Hindi, na watu wa mtaani katika Kenya hupenda kulivunja vipande viwili, siri na kali, wakacheka. Mwananchi ni neno letu wenyewe: mwana wa nchi. Baada ya 1963 neno hilo lilipendwa mno na wasemaji wa majukwaani, hata ikawa hotuba haianzi bila wananchi. Lakini kanuni za 1977 ziliandikwa kwa Kiingereza, ambamo mtu huyu hakuitwa raia wala mwananchi, bali mwenye leseni. Wachache sana kati ya waliotia kidole gumba katika karatasi zile waliweza kuzisoma. Wanafunzi wasomao Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, humkumbuka Karama, aliyeshitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Nchi ile ilikuwa ya kubuni, nayo iliwekwa angani. Ya Mwea ilikuwa ardhini, na watu wake walikaa karibu miaka 40 chini ya maandishi ambayo hakuna aliyewafundisha.

Waliyajifunza hata hivyo, kwa njia ya mgongo. Mwaka 1998 wakulima, wakiongozwa na chama chao cha ushirika, walikataa kupeleka mpunga wao kwa Bodi. Walidai kuuza wenyewe, kukoboa wenyewe na kuendesha maji wenyewe. Magari ya mpunga yalizuiwa, polisi wakaletwa, na katika makabiliano ya msimu ule, yaliyoingia mwaka 1999, maisha ya watu yalipotea. Mstari wa mbele walikuwako wengi wa vijana wale ambao kanuni iliwahesabu kuwa hawapo. Bodi iliondolewa katika uendeshaji, na kwa miaka kama mitano chama cha wakulima kikashika usukani.

Waandishi wengine hupenda kuikatiza habari hapa, kama hadithi ya mnyonge aliyeshinda, jua likichomoza nyuma yake. Ingekuwa hadithi nzuri, lakini mpunga haulimwi kwa hadithi. Chama kilijikuta na mifereji mirefu inayojaa tope, mashine zilizochakaa, na wanachama wenye madai. Watu wa juu ya mfereji walifungua maji wapendavyo. Wakulima wapya, waliokuwa nje ya mpaka wa mradi, walitoboa mifereji na kulima mpunga wao kandokando, na ni nani angewazuia? Wao nao walikuwa wana wa nchi, na wengine wao walikuwa ndio wale wana wasio na urithi. Wenye mashamba ya chini walikaa wakitazama mfereji mkavu. Meneja alikuwa ameondoka, lakini sababu moja ya kweli iliyomleta, yaani maji, ilikuwa imebaki palepale.

Ndipo, mwaka 2003, pakafikiwa mapatano, na mapatano hayo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote, ingawa haina kishindo. Kazi iligawanywa. Bodi ilirudi kusimamia malango ya mtoni na mifereji mikuu. Mifereji midogo ikawa mikononi mwa wakulima wenyewe, kwa vyama vyao vya watumiaji maji. Na mpunga ukawa mali ya aliyeuvuna, auuze atakako. Vyama vile vina ada, vina zamu za maji, vina siku za kusafisha mitaro, na vina faini kwa asiyefika. Yaani mkulima yuleyule, katika mtaro uleule, huamriwa jambo lilelile aliloamriwa na meneja, na akikataa hutozwa. Msomaji mwepesi atasema basi hakuna kilichobadilika. Lakini aende akasikilize mtu akibishana na kamati ya mtaro wake juu ya faini. Hatazami uso wa mtu ili akisie. Hutaja kipengele. Husema, siku ile tulikubaliana hivi, nawe ulikuwapo. Hubisha kwa sauti kubwa, maana anayembishia ni jirani yake, na mwakani huenda akawa yeye ndiye mwenyekiti.

Sidai kuwa kila kamati ni ya haki. Kamati nayo yaweza kuwa na wakubwa wake na ndugu zao. Wala swali la mke halikujibiwa mwaka 1998, maana ushirika ulihesabu wanachama kwa jina la mwenye shamba, na majina hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya wanaume. Uasi uliofanywa kwa jina la mkulima ulimwacha mkulima aliye wengi zaidi mahali alipokuwa. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoandika waziwazi kuwa ardhi ya Kenya itashikwa kwa kanuni zinazoondoa ubaguzi wa mwanamume na mwanamke, na kuwa mamlaka yote ni ya watu, nao huikopesha serikali. Tangu 2013 Kirinyaga ina serikali yake ya kaunti, ambayo sharti iwaite watu na kusikiliza maoni yao kabla ya kupitisha sheria zake na bajeti yake. Mwaka 2019 sheria ya 1966 ilifutwa, ikaja Sheria mpya ya Unyunyizaji. Bodi ikawa Mamlaka, na vyama vya watumiaji maji vikapewa nafasi ndani ya sheria yenyewe. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilikamilishwa juu ya uwanda, ili maji ya mvua ya mlimani yangoje msimu wa kiangazi.

Bwawa ni kitu kizuri, na mtu aliyekosa maji ya zamu yake hahitaji insha kumweleza uzuri wake. Lakini maji mengi zaidi yana maana ya lango kubwa zaidi, na funguo za lango kubwa hazikai mtaroni. Hukaa ofisini. Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wanaotaka kuendelea na hakiki hii wasiishie 1977. Waichukue sheria ya 2019, na sheria ndogo za chama chochote cha watumiaji maji watakachoruhusiwa kuzisoma, waziweke juu ya meza moja na kanuni za zamani. Wahesabu ni mara ngapi neno la kuridhisha linatokea, na ni nani wa kuridhishwa. Watazame katika mafungu ya ufafanuzi ni nani aliyetajwa kuwa mtu. Watafute kama mke ametajwa baada ya ukurasa wa kwanza. Waulize zimeandikwa kwa lugha gani, na kama mtu wa Kimbimbi au wa Wamumu aweza kuzisoma pasipo mkalimani.

Kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka zilipotangazwa kanuni zile alizaliwa mwaka 1959, mwaka wa Hola. Leo ni mzee. Wako wengi wa rika lake katika soko la Kutus siku ya soko, wameketi kando ya magunia ya mpunga walioulima katika mashamba ya kukodi.